Kuhifadhi Jiwe la Jirani: Borobudur na Maana ya Kujitolea

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyofanana kwa sura na kupeana visogo kwa maana: kujitoa na kujitolea. Anayejitoa huondoka, huacha shughuli, chama au ahadi, akaenda zake. Anayejitolea hubaki, huingia katika kazi isiyo yake na kuifanya kama yake. Tofauti ya maneno haya ni silabi moja tu, ile "le" ya kauli ya kutendea. Silabi hiyo ndiyo inayouliza: unajitoa kwa ajili ya nani? Jibu likipatikana, mtu amejitolea. Lisipopatikana, amejitoa tu.

Kuna neno la tatu linalostahili kukaa karibu na hayo mawili, nalo ni kuhifadhi. Mtoto wa chuoni huhifadhi juzuu. Mlinzi huhifadhi msitu. Mama huhifadhi mbegu za msimu ujao. Tumelipokea neno hili kutoka Kiarabu likiwa na maana zake zote mbili, kutunza kitu kisipotee na kukiweka moyoni kisisahaulike. Lugha nyingine zimezitenga kazi hizo mbili, lakini sisi tumeziacha chini ya paa moja.

Katika makala hii nataka kuyapima maneno hayo kwa kisa cha mbali, cha hekalu la kale la Wabudha liitwalo Borobudur, katika kisiwa cha Java, nchini Indonesia. Nimelichagua kwa sababu moja. Wengi wa wanaolizunguka na kulitunza leo ni Waislamu, ilhali waliolijenga walikuwa Wabudha. Miaka yote niliyofundisha historia, swali lililorudi darasani kila tulipofika kwenye mada ya magofu lilikuwa hili: "Mwalimu, haya yanatuhusu nini sisi?" Watu wa Borobudur wamelijibu swali hilo kwa ufagio, na jibu lao lina mengi ya kutufundisha, pamoja na machungu yake.

Hekalu lenyewe

Borobudur ipo Java ya Kati, kiasi cha kilomita 40 kaskazini magharibi mwa mji wa Yogyakarta, kwenye bonde lililozungukwa na milima ya volkano. Ilijengwa katika karne ya 8 na ya 9, enzi za nasaba ya Shailendra. Si jengo la kuingia ndani kama msikiti au kanisa. Ni kilima kilichovikwa mawe: majukwaa tisa yaliyopandana, sita ya pembe nne na matatu ya duara, na juu kabisa kuba kubwa iitwayo stupa. Kwenye majukwaa ya duara zipo stupa ndogo 72 zilizotobolewa kama tenga, na ndani ya kila moja iliwekwa sanamu ya Buddha ameketi. Sanamu zote kwa asili zilikuwa 504. Zaidi ya 300 zimeharibika, nyingi zikiwa hazina vichwa, na 43 hazipo.

Utajiri mkubwa wa hekalu hili uko kwenye kuta. Zipo paneli 2,672 za michoro iliyochongwa, na kati yake 1,460 zinasimulia hadithi. Mwenye kuhiji hupanda akizunguka, mkono wake wa kulia ukielekea ukutani, akisoma kisa baada ya kisa: maisha ya Buddha, maisha yake ya kabla ya kuzaliwa, safari ya kijana aitwaye Sudhana aliyekwenda kwa mwalimu hadi mwalimu akiitafuta hekima. Kwa wapenzi wa tenzi, naomba mlitazame jengo hili kama utenzi mrefu ulioandikwa kwa patasi, ambao msomaji hageuzi kurasa bali huzungusha miguu yake.

Chini kabisa, kwenye kitako cha jengo, zipo paneli 160 ambazo karibu zote hazionekani. Zilifunikwa zamani kwa ukuta mnene wa mawe, pengine ili kulizuia jengo lisiporomoke. Paneli hizi zinasimulia sheria ya matendo na malipo: aliyetenda hili alipata hili. Juu ya baadhi yake kumebaki maneno mafupi ya Kijava cha Kale, ambayo wataalamu wanayaona kuwa maelekezo kwa wachongaji. Mojawapo ni "swargga", yaani peponi; jingine ni "wirupa", yaani sura mbaya. Mtu alimwandikia fundi: hapa chonga pepo, pale chonga mwenye sura mbaya. Maneno hayo ya kazini, ambayo hayakukusudiwa kusomwa na mhiji yeyote, ndiyo yaliyowasaidia wanazuoni kukadiria umri wa jengo, kwa kulinganisha mtindo wa herufi zake na maandishi mengine yenye tarehe. Rasimu ya fundi imeishi zaidi ya miaka elfu moja.

Je, lilisahauliwa?

Katika karne ya 10 kitovu cha dola kilihamia Java ya Mashariki, na katika karne ya 15 na 16 wakazi wengi wa Java wakasilimu. Hekalu likaachwa na waumini wake. Majivu ya volkano yalilifunika, udongo ukashuka, miti ikaota. Vitabu vingi hutokea hapo vikaruka hadi mwaka 1814 na kusema kwamba Borobudur "iligunduliwa" na Thomas Stamford Raffles, gavana Mwingereza wa Java.

Neno kugundua linahitaji kutazamwa kwa makini, kama sisi tulivyolitazama lilipotumika kwa maziwa na milima yetu. Raffles alielezwa habari za jengo hilo na watu wa Java wenyewe. Kumbukumbu za kale za Kijava, ziitwazo babad, zinalitaja kilima cha Borobudur. Moja inasimulia habari za muasi aliyekimbilia huko mwaka 1709 akashindwa na kukamatwa. Nyingine inamtaja mwana wa mfalme aliyekwenda mwaka 1757 kumwona "shujaa aliyefungwa kizimbani", bila shaka sanamu ndani ya stupa, akarudi nyumbani akaugua na kufa. Kwa hiyo mahali palijulikana, palisimuliwa, na paliogopwa. Waumini walikuwa wameondoka, lakini masimulizi yalibaki kwa majirani.

Hapa ndipo maana mbili za kuhifadhi zinapokutana. Kwa karne nyingi hakuna aliyelitunza jiwe, lakini kuna aliyelitunza jina. Gavana alipouliza, jina lilikuwapo la kumjibu.

Mikono ya kwanza

Raffles alimtuma mhandisi Mholanzi, H. C. Cornelius. Naye akawa na wanaume 200, ambao kwa muda wa miezi miwili walikata miti, wakachoma vichaka na kuchimba udongo hadi jengo likaanza kuonekana. Jina la gavana limeandikwa kila mahali, na la mhandisi limeandikwa mara chache. Majina ya wale 200 hayasomwi popote. Wala tusiharakishe kuwaita watu wa kujitolea. Walikuwa chini ya utawala wa kigeni, na mtu aliyeamriwa hana nafasi ya kujitolea, maana hakuachiwa nafsi yake aitoe mwenyewe.

Kilichofuata kinaonyesha hatari ya kitu kufunuliwa bila kupewa mlinzi. Vichwa vya sanamu vilichukuliwa na wakusanyaji. Mwaka 1882 mkaguzi mkuu wa mambo ya kale alipendekeza hekalu lote libomolewe na michoro yake ipelekwe kwenye makumbusho, kwa kuwa jengo halikuwa imara. Pendekezo hilo halikufuatwa. Hata hivyo, mwaka 1896 Mfalme Chulalongkorn wa Siam, ambayo leo ni Thailand, alizuru Java na kuruhusiwa na serikali ya Kiholanzi kuondoka na shehena ya magari manane ya kukokotwa yaliyojaa sanamu na mawe ya nakshi. Mfalme huyo alikuwa Mbudha na alikwenda kwa heshima, lakini serikali iliyompa zawadi ilitoa kitu kisichokuwa chake.

Katikati ya hayo yote, lipo jina moja la mwenyeji. Mwaka 1885 Mholanzi J. W. IJzerman aligundua kwamba nyuma ya ukuta wa kitako kuna michoro iliyofichwa. Ukuta ukafunguliwa sehemu kwa sehemu, na mpiga picha aliyezichukua picha za paneli zote 160 mwaka 1890 na 1891, kabla mawe hayajarudishwa, alikuwa Kassian Cephas, Mjava wa Yogyakarta. Leo ni kona ya kusini mashariki tu iliyoachwa wazi. Nyingine zote tunazijua kwa jicho lake. Huyu naye alihifadhi, ingawa jiwe lenyewe lilirudi gizani.

Adui aitwaye maji

Ukarabati wa kwanza mkubwa ulifanywa kati ya mwaka 1907 na 1911 na Theodoor van Erp, ofisa wa jeshi la Kiholanzi. Alizisimamisha upya stupa za juu, akanyoosha kuta na kusafisha mifereji. Kazi yake ilikuwa njema, ila haikufika kwenye mzizi wa maradhi.

Mzizi huo ni rahisi kuueleza. Borobudur haina uwazi ndani. Ni mawe yaliyopangwa bila saruji juu ya kilima cha udongo. Mvua ikinyesha, maji hupenya kwenye viungo vya mawe hadi kwenye udongo, nao huvimba na kusukuma kuta nje. Maji yakitoka, hutokea usoni pa michoro, yakiacha chumvi, kuvu na ukoga. Kuta zilikuwa zikiinama huku nyuso za watakatifu zikiliwa polepole. Aliyewahi kujenga nyumba ya udongo akasahau kuinua msingi anaufahamu ugonjwa huu.

Serikali ya Indonesia ikishirikiana na UNESCO ikaanzisha kazi iliyofanyika kati ya mwaka 1975 na 1982, chini ya mwanaakiolojia wa Indonesia, Soekmono. Zaidi ya mawe milioni moja yaliondolewa, yakaandikwa namba, yakasafishwa na kurudishwa kila moja mahali pake, baada ya kuwekwa misingi ya zege, tabaka za kuzuia maji na mifereji iliyofichwa. Watu wapatao 600 walifanya kazi hapo, wengi wakiwa vijana wa eneo hilo waliofundishwa kutambua jiwe kwa namba yake. Walilipwa ujira, na ni haki yao. Kujitolea hakumaanishi kwamba fundi afe njaa. Mnamo Februari 1983 kazi ilitangazwa kukamilika, na mwaka 1991 Borobudur iliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Katikati ya tarehe hizo mbili kuna usiku mmoja mchungu. Tarehe 21 Januari 1985 mabomu yalilipuka juu ya hekalu na stupa tisa zikaharibika. Yalitegwa na watu wenye siasa kali waliodai kuitetea dini. Lakini waliokusanya vipande na kuzirudisha stupa hizo mahali pake walikuwa watu wa nchi ileile, na wengi wao wa dini ileile waliyodai kuitetea wale wengine. Kisa hiki kisitajwe nusu. Mwenye kuhesabu mabomu na ahesabu pia mikono iliyorudisha mawe.

Siku jivu liliposhuka

Mlima Merapi uko chini ya kilomita 30 kutoka hekaluni. Mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba 2010 ulilipuka kwa nguvu kubwa. Zaidi ya watu 300 walipoteza maisha, na mamia ya maelfu wakahama makwao. Kati ya tarehe 3 na 5 Novemba jivu lilishuka juu ya Borobudur hadi kufikia unene wa sentimita mbili na nusu. Mimea ya jirani ilikufa. Hekalu lilifungwa.

Lipo jambo la kustaajabisha hapa. Mawe ya Borobudur ni ya volkano. Yaliokotwa na kuchongwa kutoka mito na ardhi ya bonde hilohilo. Mlima uliotoa mawe ndio uliomwaga jivu. Na jivu hilo lilikuwa na tindikali, nayo hula jiwe. Hatari nyingine ilikuwa mvua. Jivu kavu hufagiwa, ila likilowa huwa tope, tope hushuka kwenye viungo vya mawe na kuziba ile mifereji iliyofichwa, na adui wa zamani, maji, hurudi nyumbani.

Kwa hiyo kazi ilikuwa ya kukimbizana na mawingu. Wafanyakazi wa ofisi ya hifadhi, wanavijiji na watu wa kujitolea walipanda majukwaa wakiwa wamefunika pua na midomo, wakiwa na fagio, brashi na ndoo. Stupa zilifunikwa kwa plastiki zisipate jivu jingine. Kila tundu la tenga la stupa lilihitaji mkono, kila kunjo la vazi la mchoro lilihitaji brashi. Hakuna mashine ya kufagia uso wa sanamu wenye umri wa miaka 1,200.

Tukumbuke walikuwa akina nani. Mapaa yao wenyewe yalikuwa yamejaa jivu. Mashamba yao ya salaki, tunda lenye ganda kama magamba ya nyoka linaloliliwa sana huko, yalikuwa yamevunjika. Watalii, ambao ndio soko la vinyago na chakula chao, walikuwa wamekimbia. Mtu wa namna hiyo akipanda hekaluni na ufagio, hatuwezi kusema anafanya hivyo kwa kuwa hana kazi nyumbani.

Wala kazi haikuishia kwenye kufagia. Tope lilikuwa limekwishaingia mifereji. Mawe zaidi ya 55,000 yalibidi kuondolewa ili njia za maji zizibuliwe, kisha yakarudishwa, na kazi hiyo haikumalizika hadi Novemba 2011. Februari 2014 mlima mwingine, Kelud, ulio mbali mashariki, ulilipuka na jivu likafika tena. Safari hii majirani walijua la kufanya. Plastiki zilitoka, fagio zikapanda.

Wajava wana jina la kazi ya aina hii: gotong royong. Gotong ni kubeba kitu kwa mabega mengi. Sisi tuna msaragambo, ujima na harambee. Na aliyejitolea huitwa relawan, kutokana na neno rela, ambalo Kiindonesia kimelitoa kwenye Kiarabu kilekile kilichotupa sisi radhi na ridhaa. Sauti moja nzito ya Kiarabu ilikuwa "l" midomoni mwao na "dh" midomoni mwetu, na maneno hayo mawili ni ndugu wa tumbo moja. Relawan ni mtu mwenye ridhaa. Wenzetu wameliita tendo kwa jina la hali ya moyo. Sisi tumeliita kwa jina la mwelekeo wake, kujitoa kwa ajili ya kitu. Tukiyaweka pamoja, tunapata maana kamili: kujitolea ni kwenda kwa wengine kwa radhi yako. Pasipo ridhaa ni shokoa tu, hata ikipambwa kwa nyimbo.

Nimejaribu kuyafunga mawazo haya katika ubeti mmoja, wenye mizani nane kwa nane:

Jiwe halina kalima, lasemewa na jirani,
Mlima ukinguruma, jivu likashuka chini,
Ndiye mwenye kuinama, ufagio mkononi,
Hifadhi yake ni njema, aliye nayo moyoni.

Jirani aliyeondolewa

Kama kisa kingeishia hapo, kingekuwa kitamu kupita kiasi, na historia haipendi sukari nyingi.

Wakati ukarabati mkubwa ulipokuwa ukikamilika, serikali iliamua kuweka bustani kubwa kulizunguka hekalu. Wanavijiji waliokuwa wakiishi chini ya kuta zake, miongoni mwao watu wa Kenayan na Ngaran, walitakiwa kuhama. Wengine walikataa kwa muda mrefu. Nyumba, mashamba na makaburi ya wazee wao vilikuwa hapo. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba jengo linahitaji nafasi na utulivu. Hoja ya wanavijiji ilikuwa kwamba wao ndio waliokuwa utulivu wake. Hatimaye walihamishwa, uzio ukajengwa, na wengi wakarudi mahali pale wakiwa wachuuzi wa vinyago wanaokimbizana na wageni.

Hili ni kosa ambalo wahifadhi wa nchi nyingi wamelifanya kwa nia njema. Hudhani kwamba adui wa kale ni mkazi wa sasa. Humwondoa mkazi, na baada ya miaka humwalika tena kwa barua aje "kushirikishwa". Kitenzi hicho nacho kina funzo. Kushirikishwa ni kauli ya kutendeshwa na kutendwa kwa pamoja. Mtu hushirikishwa katika kile ambacho mwingine anakimiliki. Anayeshiriki ni mwenye kitu.

Mwaka 2022 swali hilo lilirudi kwa sura ya fedha. Ilitangazwa kwamba kiingilio cha kupanda juu ya hekalu kingekuwa rupia 750,000 kwa raia na dola 100 za Marekani kwa mgeni, ili kupunguza miguu inayozilainisha ngazi za mawe. Sababu ilikuwa ya kweli, kwani ngazi zinalika. Lakini wananchi walihoji: je, ukuta wa mababu utasomwa na wenye fedha pekee? Kelele zilikuwa kubwa na mpango ukaahirishwa.

Dawa iliyopatikana baadaye ni ya kiasi, na ndiyo iliyonivutia kuliko zote. Idadi ya wanaopanda kwa siku imewekewa ukomo, na kila mmoja huvaa kandambili maalumu ziitwazo upanat, nyepesi na laini, zisizokwaruza jiwe. Wanaozisuka ni watu wa vijiji vya jirani, kwa majani ya mkadi, mmea uleule ambao maua yake akina mama wa pwani yetu wameyajua kwa harufu yake. Umbo la kandambili hizo limebuniwa kwa kufuata mchoro mmoja wa zile paneli zilizofichwa kwenye kitako. Kandambili iliyochongwa karne ya 9, ikafunikwa kwa mawe, ikapigwa picha na Kassian Cephas, ikafunikwa tena, sasa inasukwa upya na mikono ya wanavijiji ili kulinda ngazi zilezile. Mgeni huondoka nazo, na msukaji hubaki na ujira. Jirani aliyeondolewa amerudi kwa mlango wa ufundi. Ingekuwa vyema zaidi kama asingeondolewa.

Bahari moja

Msomaji wa pwani ana sababu yake ya kuitazama Borobudur kwa jicho la ndugu. Kati ya michoro ya kuta zake zipo jahazi zenye matengo, yaani miti ya pembeni inayozuia chombo kisipinduke, kama ngalawa zetu. Wataalamu wengi huihusisha ngalawa na mabaharia wa visiwa vya Indonesia. Ushahidi wa safari zao uko wazi Bukini, ambako Kimalagasi ni lugha ya ukoo wa Kiindonesia, na nduguze wa karibu kabisa wako kisiwani Borneo.

Mwaka 2003 chombo kilijengwa katika visiwa vya Kangean kwa kufuata michoro hiyo, kwa vigingi vya mbao bila misumari. Kikaondoka Jakarta mwezi Agosti, kikapita Shelisheli, Bukini na Cape Town, na Februari 2004 kikafika Accra, Ghana. Jina lake lilikuwa Samudra Raksa, yaani mlinzi wa bahari. Sasa kimewekwa katika makumbusho yaliyo hapohapo Borobudur. Mchongaji wa karne ya 9 alihifadhi umbo la chombo. Maseremala wa karne ya 21 walilisoma. Upepo ulithibitisha kwamba hakuwa amesema uongo.

Sasa turudi kwenye swali la darasani: haya yanatuhusu nini? Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Huko nako bahari hula kuta, mizizi hupasua mawe, na huko nako wanaoishi karibu si wale waliojenga. Wote tunarithi nyumba ambazo hatukuzijenga, baadhi zikiwa za imani tusizozishika. Mja wa Borobudur anayefagia jivu hafuati dini ya Buddha kwa kufanya hivyo, wala haipunguzi yake. Kila mwaka siku ya Vesak, Wabudha hutembea kwa maandamano kutoka hekalu dogo la Mendut, wakapitia Pawon hadi Borobudur, na majirani zao Waislamu husimama kando ya njia kuwatazama na kuwauzia maji. Ngazi wanazozipanda waumini ziko safi kwa sababu jirani amezifagia.

Na kwetu sisi wa lugha, kazi ni ileile kwa vifaa tofauti. Kila mmoja wetu anaishi karibu na mzee anayejua methali, utenzi wa harusi, jina la mti au istilahi ya uvuvi ambayo haimo kwenye kamusi. Huenda si wa kabila letu, wala kisa chake si cha imani yetu. Lugha yake ikifunikwa na jivu la wakati, serikali haitafika mapema na UNESCO itakuwa mbali. Atakayekuwa karibu ni jirani, na kitakachohitajika ni daftari, kalamu, na radhi ya moyo.